Nikimwona Kiti cha Pweza Mgonjwa, Nimpigie Nani?

Tacoma, Washington
Septemba 2025

Kwa wakuu mnaosimamia bahari ya Pasifiki upande wa Marekani na Kanada, kutoka Alaska hadi California.
Nakala kwa wakuu wa bahari kwetu: Unguja, Dar es Salaam na Mombasa.

Waheshimiwa,

Kwanza niwieni radhi kwa lugha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu bahari nilifundishwa kwa Kiswahili, na kila nikijaribu kulieleza jambo hili kwa lugha ya fomu zenu linanipotea. Tafsiri nitawaletea mwenyewe. Nimetaka na watu wangu wasome, kwa sababu yaliyotokea huku yanaweza kutokea kwetu, na mengine yameshaanza.

Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Mama yangu alikuwa akichokoa pweza. Maji ya bamvua yakipwa, yeye hutangulia mwambani na kijiti chake cha chuma, sisi watoto tuko nyuma na ndoo, miguu imejaa chumvi na mikwaruzo. Alitufundisha kulitambua pango la pweza kwa maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni. Alitufundisha pia kutomchezea kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Mnyama huyo hakuwa na bei: haliwi, na siku zile hata watalii wa kumnunua akiwa mkavu walikuwa wachache. Lakini mtoto akimgeuza chali akamwacha juani, mama alisimama na kusubiri mpaka arudishwe. "Mrudishe alipokuwa. Huyo ana kazi yake."

Hakutuambia ni kazi gani. Nimekuja kuijua nikiwa mtu mzima, katika bahari ya baridi, upande wa pili wa dunia, baada ya mwenye kazi kufa.

Nimeishi kandokando ya Puget Sound, mkono wa bahari ulioingia ndani hapa Washington, miaka mingi sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, zamu za usiku mara nyingi, na siku ya mapumziko naangalia jedwali la maji kama vile nilivyokuwa nikiangalia mwezi nilipokuwa mdogo. Huku maji makubwa ya kupwa wakati wa kiangazi huangukia mchana, hivyo hata mtu asiye na chombo wala vifaa vya kuzamia anaweza kutembea hadi mahali ambapo siku nyingine ni bahari tupu. Na viti vya pweza wa huku, Waheshimiwa, kwa mtu aliyezoea wale wa kwetu wa mchangani, ni ajabu. Wanarundikana chini ya miamba na kwenye nguzo za gati, wa zambarau, wa kahawia, wa rangi ya chungwa, wamebebana kama nguo kwenye beseni.

Kiangazi cha 2014 niliwakuta hivyo hivyo, wamerundikana. Wa kwanza niliyemgusa alikuwa laini. Kiti cha pweza mzima ukimshika hukaza. Ngozi yake inakuwa ngumu, na kumbandua mwambani ni kazi ya mikono miwili. Yule alikuja mkononi bila kushindana. Alikuwa na madoa meupe, kama mahali ngozi ilipomwagikiwa maji ya moto, na mkono wake mmoja ulikuwa umejipinda juu ya mwingine. Nilipomweka chini ule mkono ukaachana na mwili, kama mshono uliooza. Kisha ukaanza kutembea peke yake. Vile vijiguu vya chini vilikuwa bado vinafanya kazi yao, kimoja baada ya kingine, vikielekea majini, na mwenyewe amebaki nyuma ametepeta kama unga uliozidi maji. Niliinuka nikaangalia mwamba mzima. Mikono ilikuwa imetapakaa kila mahali.

Nilihesabu wagonjwa arubaini, nikaacha, maana nilikuwa nalia.

Siku ile ile nilipiga simu. Sitaitaja ofisi, kwa sababu aliyepokea hakuwa na kosa, na aliyefuata hakuwa na kosa pia. Wa kwanza aliniuliza kama ni samaki wanaovuliwa. Nikasema hapana. Akanipeleka kwa mwingine, aliyeniuliza kama nimeona mafuta juu ya maji au nimesikia harufu ya kemikali. Nikasema hapana. Wa tatu aliniuliza kama ni mnyama aliye kwenye orodha ya wanaolindwa. Nikasema sijui. Akaangalia, akasema hayumo. Alikuwa mpole, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: kwamba hajui ampelekee nani taarifa yangu, kwa kuwa mnyama huyo hana mtu.

Barua hii yote ni juu ya neno hilo. Hana mtu.

Wakati nasikiliza simu ile, ugonjwa ulikuwa umeshatimiza mwaka. Dalili zake zilionekana kiangazi cha 2013 kwenye pwani ya Washington, na kabla ya kwisha kwa mwaka ule ulikuwa umefika British Columbia na California. Hatimaye ulienea kutoka Alaska hadi Baja California nchini Mexico, ukashika aina zaidi ya 20 za viti vya pweza. Wataalamu wameuita ugonjwa wa kudhoofu, na jina ni sahihi, ila halisemi kasi yake. Mnyama anayeonekana mzima wiki hii, wiki mbili zijazo ni ute juu ya jiwe.

Aliyeumia kuliko wote ni yule ambaye huku wanamwita kwa jina la alizeti. Wengi kwetu hawajamwona, basi niwaeleze. Kiti cha pweza wa kawaida ana mikono mitano. Huyu huwa nayo hadi 24. Aliyekomaa anaweza kukaribia upana wa mita moja, sawa na sinia la pilau la shughuli, na chini yake ana vijiguu vya kunyonya vipatavyo 15,000. Anakimbia, kwa kipimo cha wenzake: mita moja kwa dakika. Watafiti waliokusanya hesabu za wapiga mbizi na wavuvi kutoka pwani nzima walikadiria kwamba wa alizeti bilioni 5.75 wamekufa, zaidi ya asilimia 90 ya wote waliokuwepo duniani. Upande wa kusini, Oregon na California, hata hiyo asilimia iliyobaki haionekani. Mzamiaji anaweza kushuka miaka asikutane na mmoja. Desemba 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimweka katika daraja la hatari kubwa kabisa, la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Sasa ile kazi ambayo mama hakuitaja.

Mtu wa kwanza kuionyesha kwa hesabu alikuwa Robert Paine wa Chuo Kikuu cha Washington, na alifanyia majaribio yake kwenye mwambao wa watu wa Makah, kwenye ncha ya kaskazini magharibi ya jimbo hili. Kuanzia 1963 alikuwa akienda kwenye kipande kimoja cha mwamba, anawabandua viti vya pweza wote wa zambarau na kuwatupa mbali majini, na kipande cha jirani anakiacha kama kilivyo. Palipotolewa viti vya pweza, kome walishuka wakajaa jiwe zima wakawabana wengine wote. Aina 15 za viumbe aliozihesabu mwanzo zikabaki 8. Mnyama mmoja asiye na bei alikuwa akiwawekea wengine nafasi. Paine alimfananisha na lile jiwe la katikati ya tao la mlango. Aliyekulia karibu na Mji Mkongwe anajua fundi akiling'oa jiwe hilo kitatokea nini.

Wa alizeti kazi yake ni kubwa zaidi, maana yeye anakula nungu wa bahari. Namsemea yule mnyama wa mviringo mwenye miiba ambaye kila mtoto wa pwani amemkanyaga japo mara moja. Kila bandari kwetu ina jina lake, mimi nitamwita nungu ili tuelewane. Bahari ya huku ina misitu ya mwani. Si mwani wa kamba tunaolima Paje na Jambiani. Ni miti hasa, mashina yanasimama kutoka chini hadi juu ya maji, na ndani yake wanakaa samaki, kaa, abaloni na makinda ya kila kitu. Nungu anakula mwani. Akiwa na hofu hukaa kwenye nyufa za mawe akingojea majani yaliyokatika yamfikie. Hofu ikiondoka, hutoka nje akala mashina yenyewe.

Hofu iliondoka. Wa alizeti walikufa, na kati ya 2014 na 2016 likaja bonge la maji ya moto lililokaa Pasifiki na kuudhoofisha mwani wenyewe. Kaskazini ya California, upande wa Sonoma na Mendocino, pwani ya zaidi ya kilomita 350 ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya msitu wake wa mwani katika miaka michache. Nungu wa zambarau wakaongezeka, mahali pengine mara 60 kuliko ilivyokuwa. Walipomaliza mwani hawakufa. Nungu anaweza kukaa na njaa miaka, ndani yake mtupu, asifae hata kuvuliwa, maana kinacholiwa ni viungo vyake vya uzazi, navyo vimesinyaa. Anabaki pale pale akingoja chipukizi la mwani alitafune. Abaloni wekundu, wale konokono wakubwa ambao familia za California zilikuwa zikiwazamia kizazi baada ya kizazi, walikufa kwa njaa, na uvuvi wake ukafungwa 2018.

Hapo ndipo ofisi ziliposhtuka, Waheshimiwa. Abaloni alikuwa na leseni, na leseni ina mapato, na mapato yana afisa. Lakini abaloni alikuwa mgonjwa wa tatu katika nyumba ile. Wa kwanza alishakufa miaka minne kabla, na hakuna aliyegonga mlango.

Niseme haki: kuna waliogonga. Vyuo, majumba ya viumbe wa baharini, jamii za wenyeji wa asili, na mamia ya watu wa kujitolea waliokuwa wakienda mwambani na karatasi zisizolowa kuhesabu wagonjwa. Nilijiunga nao mwaka uliofuata na bado nahesabu. Ila ukiwafuatilia unaona walivyokuwa wakienda kwa kuungaunga. Mwaka 2014 kikundi cha watafiti kilitangaza kwamba huenda chanzo ni virusi wa aina ya denso. Habari zilienea, wengi wetu tukadhani kesi imekwisha. Haikwisha. Waliorudia uchunguzi waliwakuta virusi wale wale kwa wanyama wazima, na kwa aina nyingine nyingi hawakuweza kuwahusisha na ugonjwa kabisa. Ikabidi kuanza upya, na mnyama mwenyewe sasa adimu.

Jibu limekuja mwezi uliopita, Agosti 2025, katika jarida la Nature Ecology & Evolution. Melanie Prentice, Alyssa Gehman na wenzao wa Taasisi ya Hakai na Chuo Kikuu cha British Columbia, pamoja na watafiti wa Washington, walifanya kazi ya miaka minne. Walichukua yale maji ya ndani ya mwili wa kiti cha pweza, ambayo kwake ni kama damu, kutoka kwa mgonjwa, wakamdunga mzima, mzima akaugua. Wakayachemsha maji hayo hayo kwanza, au wakayachuja, kisha wakamdunga mwingine. Huyo akabaki mzima. Maana yake ndani mna kitu kilicho hai. Walipolinganisha, bakteria mmoja alikuwa amejaa kwa wagonjwa na kwa wazima hayumo: Vibrio pectenicida. Wakamtenga, wakamwotesha peke yake, wakawapa wanyama wazima, wakafa kwa dalili zile zile nilizoziona mimi. Watangulizi wengi walikuwa wakitafuta kwenye nyama na ngozi. Yeye alikuwa kwenye maji.

Sisi tuliokulia Unguja tukisikia Vibrio hatuhitaji kufunguliwa kitabu. Kipindupindu ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Tunajua ukoo huu unavyopenda maji yakipata joto. Sisemi joto peke yake ndilo lililoleta msiba wa Pasifiki, maana wanyama walianza kufa kabla ya lile bonge la 2014. Lakini waliopima wameona kwamba palipokuwa na joto la kupita kawaida ndipo walipoteketea zaidi, na waliobaki wengi leo wako kaskazini na kwenye hori ndefu za British Columbia zinazoingia kati ya milima, ambako maji ya chini ni baridi mwaka mzima.

Miaka kumi na miwili, Waheshimiwa, kumpata bakteria mmoja. Siwalaumu wataalamu; nimeona wengine wakifanya kazi bila kujua kama mwaka unaofuata watalipwa. Nawauliza ninyi. Mwaka 2022 huko Karibi nungu wenye miiba mirefu walianza kufa ghafla, na chanzo, kijidudu cha chembe moja, kilijulikana na kutangazwa Aprili 2023. Mwaka mmoja na kidogo. Kwa nini kule mwaka na huku kumi na miwili? Karibi walishachomwa. Nungu wale wale walikufa 1983 na 1984 karibu wote, miamba ya matumbawe ikafunikwa na majani, na chanzo cha msiba ule hakikuthibitishwa mpaka leo. Safari ya pili watu walikuwa wamekaa tayari: wazamiaji walijua wampigie nani, sampuli za wazima na za wagonjwa zilichukuliwa siku za mwanzo, na waliopokea walikuwa wakisubiri. Kilichotofautisha ni namba ya simu na friji.

Basi haya ndiyo ninayowaomba.

Wa Marekani, malizeni mlichoanza. Agosti 2021 mliombwa rasmi mmweke wa alizeti chini ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini. Machi 2023 mkapendekeza wenyewe kumtangaza kuwa yuko katika tishio la kutoweka. Sheria inataka uamuzi wa mwisho ndani ya mwaka mmoja wa pendekezo. Naandika Septemba 2025. Kila nikienda mwambani nikikuta kipande kikavu cha mkono nakumbuka yule mpole wa kwenye simu, alivyoangalia orodha yake akasema hayumo. Mtieni kwenye orodha. Najua orodha haiponyi mgonjwa, lakini ikishaandikwa, afisa mmoja mahali fulani anaamka asubuhi akijua huyu ni wake, na bajeti yake ina mstari.

Wa Kanada, hori zenu ndizo zilizobaki na wazazi. Kama kuna mahali pa kusema hapa hapaguswi mpaka tuelewe, ni pale. Wenyeji wa asili wa mwambao wa kati wa British Columbia wanashirikiana na watafiti kuwahesabu. Wapeni wao sauti ya kwanza katika kuzilinda, maana wao hawahami bajeti ikiisha.

Nyote wawili, lipieni malezi. Friday Harbor, kwenye visiwa vya San Juan, maabara ya Chuo Kikuu cha Washington chini ya Jason Hodin imekuwa ikiwalea wa alizeti tangu 2019 kwa kushirikiana na shirika la The Nature Conservancy, kutoka yai la kuelea majini hadi mnyama wa kutambaa. Niliona picha ya mmoja aliyetoka tu kugeuka umbo: mdogo kuliko punje ya mtama, ana mikono mitano tu, mingine ataiotesha baadaye. Kulea kiumbe wa namna hiyo hakuendi kwa ruzuku ya miaka miwili miwili. Mama akishika mimba humpi matumizi ya miezi minne ukamwambia aombe upya. Wekeni fedha za miaka kumi, na ziwe za serikali, kwa sababu msitu wa mwani ni mali ya umma. Sasa bakteria anajulikana, kila mtoto anaweza kupimwa kabla ya kurudishwa baharini, na wale wanaoonekana kuhimili ugonjwa wanaweza kuchaguliwa wawe wazazi. Kazi hiyo Juni ilikuwa haiwezekani. Leo inawezekana, na itakuwa aibu ikikwama kwa kukosa mshahara wa mtu wa kubadilisha maji ya tangi.

Na wekeni dawati moja. Ugonjwa haukuonyesha pasipoti pale mpaka wa Marekani na Kanada. Nataka kusiwe na swali la kama ni samaki wa kuvuliwa, wala kama kuna mafuta juu ya maji. Nataka mtu apokee, aseme chukua maji haya kwa njia hii, weka kwenye barafu, anakuja mtu.

Sasa nageukia nyumbani, na hapa nabadilisha sauti kidogo, maana naongea na wakubwa zangu.

Ndugu zetu wa Wizara, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, wa taasisi ya utafiti wa uvuvi Dar es Salaam na ile ya Mombasa: yule nungu wa miiba mirefu, mweusi, anayetuchoma mwambani, ameanza kufa karibu na kwetu. Mwaka 2022 ilikuwa mashariki ya Mediterania. Mwaka 2023 ikawa Bahari ya Shamu, kisha ikathibitishwa Oman, na kusini kisiwani Réunion. Kijidudu ni wa jamii ile ile ya Karibi. Wenye jamaa Maskati na Salala waulizeni wavuvi wa kule. Tazameni ramani, kisha tazameni tulipo sisi.

Mtu anaweza kuniuliza: huku umelia nungu wamezidi, sasa unalia wanakufa? Ndiyo. Pasifiki nungu anakula msitu, akizidi ni msiba. Kwenye matumbawe anakula majani yanayoyaziba matumbawe, akitoweka ghafla ni msiba, na Karibi ni shahidi. Wavuvi wa Kenya wanaijua hesabu hii kwa njia nyingine: kikande, ambaye ndiye mla nungu, akivuliwa kupita kiasi, nungu hujaa wakaanza kuguguna matumbawe yenyewe. Kila mmoja ana kiasi chake, na mtu hawezi kukijua kiasi asichokihesabu.

Na sisi hatuhesabu. Tuna hesabu za dagaa, za pweza, za kamba, za majongoo wa baharini kwa sababu Wachina wananunua. Kiti cha pweza tunamjua kwa idadi ya wakavu waliopangwa kwenye meza za vinyago ufukweni, na kwa picha za watalii waliompandisha kichwani. Kama kesho watatepeta mwambani Makunduchi kama wale wa Tacoma, hakuna daftari litakaloonyesha walikuwa wangapi jana. Huku angalau walikuwepo wazamiaji wenye kumbukumbu za miaka ya nyuma. Ndiyo maana wakaweza kusema bilioni 5.75. Sisi tutasema "walikuwa wengi".

Daftari hilo halihitaji meli. Wanawake wanaochokoa pweza wako mwambani kila bamvua. Pweza wenyewe kuna vijiji vinafunga mwamba miezi kadhaa na kuufungua kwa pamoja, na kamati zinapima na kuandika. Ongezeni mistari miwili kwenye karatasi ile ile: viti vya pweza wangapi, nungu wangapi, ndani ya kipande kile kile cha mwamba, kila bamvua. Walipeni hao wanawake kwa kazi hiyo, kidogo lakini kwa wakati. Mama yangu alikuwa anaweza kukwambia ni jiwe gani halina mtu tangu kaskazi iliyopita. Hakuna aliyemuuliza.

Waheshimiwa wa huku, nawarudieni nimalizie. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa kwenye mwamba ule ule. Wa zambarau wamerudi kiasi, wadogo, wengine upana wa kiganja cha mtoto, na hilo lilinifurahisha mpaka nikakaa chini. Wa alizeti sikumwona. Nimewahi kumwona mmoja tu tangu 2014, chini ya gati, usiku wa maji makubwa ya majira ya baridi, mikono yote imekunjuka, anakwenda kwa haraka zake. Nilimulika tochi mpaka akapotea.

Kati ya wale wadogo wa juzi, mmoja alikuwa na doa jeupe. Inawezekana ni jeraha la ndege. Nilimpiga picha, nikaandika saa na mahali, nikamwacha alipokuwa. Nimekaa na picha hiyo siku sita. Naomba jibu lenu kwa maandishi: nimpelekee nani?

Wenu,
Mwana wa Makunduchi, mkaazi wa Tacoma